Maumivu ya Kiuno na Nyonga: Somo kwa Walimu na Wazee wa Usharika



Mtu apitaye katika vijiji vya Ufipa, tangu Laela hata Namanyere, na kutelemka mpaka Muze katika bonde la ziwa Rukwa, huwaona wakongwe wetu wakienda hali wameinama, mkono mmoja umeshika fimbo na wa pili umeshika kiuno. Wengi wao zamani walikuwa watu wa kwanza kuingia ibadani siku ya Bwana; sasa mahali pao ni patupu. Tukiwauliza wana nini, hujibu neno moja tu, "Kiuno." Nasi huridhika na jibu hilo, tukasema ni uzee, tukaenda zetu.

Somo la mwezi huu lataka kutuonyesha kwamba neno hilo moja laweza kuficha magonjwa mawili, moja la pingili za mgongo wa chini, na moja la nyonga. Na kwamba mara nyingi yote mawili yamo katika mtu mmoja. Yeye atibuye moja bila kulitazama la pili aweza kumpotezea mgonjwa fedha yake, na wakati wake, na nguvu zilizosalia. Mtu wa kijijini aliyeuza ng'ombe ili aende hospitali ya mbali hana ng'ombe wa pili wa kuuza. Kwa hiyo yatupasa tuyajue mambo haya, tuweze kuwasaidia ndugu zetu kwa akili, wala si kwa huruma tu.

1. Jinsi maungo haya yalivyoungana

Mgongo wa chini una pingili tano, na kati ya pingili na pingili pana kisahani chororo kinachozuia mifupa isisagane. Kutoka mgongoni hutokea mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Pingili hizo zakaa juu ya fupanyonga, ambalo umbo lake ni kama bakuli pana. Kila upande wa bakuli hilo pana kikombe cha mfupa, na ndani yake kimekaa kichwa cha mfupa wa paja, kama kichwa cha mchi katika kinu kidogo. Mifupa yote miwili imefunikwa na gegedu, iteleze pasipo maumivu. Hapo ndipo panapoitwa nyonga.

Sasa angalieni. Mtu mwenye afya akitoka katika kusimama na kuketi, fupanyonga lake hulalia nyuma kadiri ya digrii 20, na kikombe cha nyonga hufunguka mbele ili paja lipate nafasi ya kukunjika. Lakini mgongo ukiwa mgumu, bakuli halilali. Ndipo nyonga hulazimika kufanya kazi yake na ya mwenzake. Vivyo hivyo, nyonga ikiwa ngumu hata paja halinyoki, mtu akitaka kusimama wima hana budi kuukunja mgongo wake kwa nyuma kupita kiasi, na pingili huumia. Ni kama ng'ombe wawili wa jembe chini ya nira moja: mmoja akilemaa, mzigo wote humwangukia wa pili, na baada ya siku si nyingi wote wawili hawafai kulima.

2. Jinsi wataalamu walivyolichunguza jambo hili

Zamani waganga wa mifupa waligawana mwili kama mashamba. Mmoja alikuwa wa mgongo, mwingine wa nyonga, na kila mmoja aliangalia upande wake. Mwaka 1983 matabibu wawili wa Kanada, Offierski na MacNab, waliandika habari za wagonjwa ambao nyonga zao na migongo yao imechakaa pamoja, wakaupa ugonjwa huo jina la nyonga na mgongo kwa pamoja. Waliwagawa wagonjwa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni wale ambao maungo yote mawili yamechakaa, lakini ni dhahiri maumivu yatoka katika moja. La pili, yote mawili yamechakaa wala haijulikani maumivu yatoka wapi. La tatu, ubovu wa ungo moja umeuharibu mwenzake. La nne, tabibu amekosea, akatibu mahali pasipo na kosa.

Tangu siku hizo maandiko juu ya jambo hili yameongezeka sana, hasa katika miaka hii ya karibuni, na waandishi wengi ni wa Marekani, na Japani, na China, na nchi za Ulaya. Mwaka 2007 matabibu wa Israeli waliandika habari za wagonjwa 25 wenye nyonga zilizochakaa vibaya ambao pia waliumwa mgongo. Walipobadilishiwa nyonga, maumivu ya mgongo nayo yalipungua, ingawa mgongo wenyewe haukupasuliwa. Kumbe mgongo ulikuwa ukilia kwa ajili ya jirani yake.

Hapa yafaa nieleze kubadilishiwa nyonga ni nini. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, John Charnley alianza kutumia nyonga ya bandia, kichwa chake cha chuma na kikombe chake cha plastiki ngumu, na kazi yake ndiyo msingi wa kazi ifanywayo leo duniani kote. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake wa Marekani walitoa kipimo cha kuonyesha kikombe kiwekwe kwa mwelekeo gani ili nyonga isiteguke. Kipimo hicho kilifuatwa miaka mingi. Lakini mwaka 2016 wachunguzi wa hospitali ya Mayo, Marekani, walitazama nyonga za bandia 206 zilizoteguka, wakaona kwamba 120 kati yake ziliwekwa sawasawa na kipimo. Basi kosa halikuwa katika kikombe peke yake. Wengine nao waliona kwamba watu waliokwisha kuunganishwa pingili za mgongo kwa vyuma huteguka nyonga ya bandia mara nyingi zaidi kuliko wengine, na hatari huongezeka kadiri pingili zilizounganishwa zilivyo nyingi. Mgongo uliofungwa hauwezi kuinama pamoja na nyonga.

Kwa sababu hiyo, katika hospitali zenye vyombo, siku hizi tabibu mwangalifu hupiga picha ya eksirei mgonjwa akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi, apate kuona fupanyonga lageuka kiasi gani. Swali linalobishaniwa hata leo ni hili: ikiwa yote mawili ni mabovu, lianze lipi? Wengi hupenda kuanza na nyonga ikiwa ubovu wake ni dhahiri, kwa kuwa mgongo waweza kupata nafuu kwa njia hiyo. Lakini mishipa ya fahamu ikiwa imebanwa hata mguu unalegea, huanza na mgongo. Hakuna sheria moja kwa wote. Kila mgonjwa hupimwa kwa hali yake.

Katika maandiko hayo yote Afrika haionekani sana. Hata hivyo kazi imeanza. Majirani zetu wa Malawi walianzisha mwaka 2005 daftari la taifa la kuandika kila kiungo cha bandia kinachowekwa. Nchini kwetu, mwaka 2021, wachunguzi wa Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakiwatazama watu mwendo wao, na mikono, na miguu, na uti wa mgongo, wapate kujua ni wangapi wenye maradhi ya viungo na hasara yake ni nini. Kazi kama hiyo yafaa sana kwa nchi ya wakulima kama yetu.

3. Mambo yanayohusu nchi yetu ya Ufipa

Wafipa wanasifiwa kwa kilimo cha ntumba. Mwisho wa mvua hukata udongo pamoja na majani, wakafanya vichuguu vya mviringo, na majani huoza ndani yake yakawa mbolea. Kisha msimu ufuatao huvunja vichuguu na kutandaza udongo kwa ajili ya ulezi na mazao mengine. Ni hekima kubwa ya baba zetu, wala siilaumu. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa jembe la mkono, mtu ameinama tangu asubuhi hata jua kali. Ongezeni kuni na maji vichwani mwa mama zetu, na magunia yapandishwayo kutoka bondeni Rukwa. Mwaka 1992 wachunguzi wa Uingereza walionyesha kwamba wakulima hupata uchakavu wa nyonga kuliko watu wa kazi za kuketi. Basi tusiseme mzee huyu ni mvivu. Huenda ni bidii yake ya miaka hamsini iliyomlemaza.

Tena si kila kiuno kinachouma ni uchakavu. Yako magonjwa manne yatupasayo kuyakumbuka katika nchi hii.

La kwanza ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779. Mgonjwa hukonda, hupata homa za jioni na jasho la usiku, na mgongo waweza kufanya kibiongo. Ugonjwa huu una dawa, na mgonjwa akiwahi huweza kupona.

La pili ni bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi unaowafanya watupe mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika mzoga na mimba iliyotupwa. Huleta homa ya kuja na kwenda, na maumivu ya kiuno na viungo. Nao pia una dawa.

La tatu ni selimundu, ambayo yaweza kuizuia damu isifike katika kichwa cha mfupa wa paja, nacho kikafa na kubomoka, hata kwa kijana.

La nne twajiletea wenyewe. Madukani huuzwa vidonge na sindano za namna ya prednisoloni na deksamethasoni, na wengi huzimeza kwa miezi pasipo cheti, kwa kuwa maumivu hupoa upesi. Dawa hizo zikitumiwa sana zaweza kukiua kichwa cha mfupa wa paja, sawasawa na pombe nyingi ifanyavyo. Mtu atafutaye dawa ya kiuno hupata ugonjwa wa nyonga juu yake. Lakini aliyekwisha kuzitumia siku nyingi asiziache ghafula, bali aende kwa tabibu apunguziwe taratibu.

4. Ishara za kutofautisha

Mwalimu wa usharika si tabibu, wala asijifanye tabibu. Lakini aweza kuuliza na kusikiliza.

Ugonjwa wa nyonga mara nyingi huuma kinenani, pale paja linapoungana na tumbo, na maumivu huenda mbele ya paja hata gotini. Wako waliopakwa dawa gotini mwaka mzima, na kumbe kosa lilikuwa nyongani. Mgonjwa huchechemea. Hawezi kukata kucha za miguu, wala kuvaa kiatu, wala kuketi juu ya kigoda kifupi. Paja lake halikubali kugeuka kwa ndani.

Ugonjwa wa mgongo mara nyingi huanza kiunoni, ukaenda takoni na nyuma ya paja, ukapita goti hata unyayo, pamoja na ganzi au kuwaka kama moto. Wakongwe wengine njia ya mishipa mgongoni imekuwa nyembamba: wakitembea wima hatua chache miguu huwa mizito, lakini wakiinama au wakiketi hupata nafuu. Mtu wa namna hii aweza kusukuma baiskeli yenye mzigo mwendo mrefu kwa kuwa ameiegemea, naye bila baiskeli hafiki kisimani.

Mtu akiwa na ishara za pande zote mbili, hapo ndipo penye fumbo. Matabibu hulifumbua kwa kutia dawa ya ganzi kwa sindano ndani ya nyonga. Maumivu yakiondoka kwa muda, yajulikana yalitoka hapo.

5. Ishara za hatari

Yafuatayo hayangoji kesho: mguu kulegea ghafula, mkojo au choo kuzuilika au kutoka pasipo kujua, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kusimama baada ya kuanguka, mtoto kuchechemea pamoja na homa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Na mwenye homa za siku nyingi, au kukonda, au maumivu yasiyomwacha alale usiku, asikawie.

6. Matibabu

Wengi hawahitaji kupasuliwa. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Ladumu kusema kwamba mgonjwa afundishwe habari za ugonjwa wake, afanye mazoezi ya mwili yanayomfaa, asilale kitandani tu. Nalo halishauri mikanda ya kiuno, wala kuvutwa kwa mizigo, wala dawa kali za kulevya kuwa desturi. Shirika hilo lasema pia kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno. Basi wakongwe wetu hawako peke yao.

Mwenye nyonga na afanye mazoezi ya kuitia nguvu misuli ya paja na tako, apunguze mzigo, na ashike fimbo kwa mkono wa upande ulio mzima. Wengi huishika upande wa ugonjwa, nayo huwasaidia kidogo tu. Vidonge vya kutuliza maumivu visimezwe kila siku bila ushauri, maana vingine huchubua tumbo na kudhuru figo. Nyonga ikiwa imekwisha kabisa, kazi ya kuibadili hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Safari huanzia kwetu, katika zahanati na hospitali ya mkoa Sumbawanga, ambako hutolewa barua ya kuendelea mbele.

Hapo mwalimu ana kazi yake, naye aijua kalamu. Na aandike pamoja na mgonjwa katika karatasi moja: maumivu yalianza lini, yako wapi, yaenda wapi, ni kazi gani imekuwa ngumu, dawa gani zimetumiwa, kama kuna homa au kukonda, kama aliwahi kupasuliwa mgongo au nyonga. Mwisho aandike neno hili: "Twaomba nyonga na mgongo vyote viwili vitazamwe." Mkongwe akiingia mbele ya tabibu huona haya, akasema "kiuno" tu, karatasi itamsemea.

7. Neno la Mungu latufundisha nini?

Wenyeji husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Ni jina jema, yatupasa tulitimize. Katika nchi yetu ya Tanzania wamepata kuuawa wanawake wakongwe kwa sababu tu walishukiwa kuwa wachawi, na mgongo uliopinda au mwendo usio wa kawaida huweza kumtia mtu katika shuka hiyo. Mkristo ajuaye ya kuwa mgongo hupinda kwa kuchakaa na kwa maradhi hawezi kunyamaza maneno kama hayo yakisemwa pombeni au kisimani.

Someni Luka mlango wa 13, habari za mwanamke aliyeinama miaka kumi na minane asiweze kujinyosha. Mwinjilisti hamfichi Shetani katika habari ile; lakini tazameni Bwana afanyavyo. Hamwulizi mwanamke kosa lake, wala hamshitaki. Amwona katikati ya mkutano, amwita kwake, amwekea mikono, na mbele ya watu wote amhesabu kuwa wa uzao wa Ibrahimu. Aliyekemewa siku ile ni mkuu wa sinagogi, aliyeijali sabato kuliko mgonjwa. Tena mwanamke yule alikuwa amekuja katika nyumba ya sala pamoja na mgongo wake. Je, wetu wanaweza kuja?

Someni pia Mwanzo mlango wa 32. Yakobo aliguswa katika uvungu wa paja, akaenda akichechemea. Na siku ile ile alipewa jina jipya na baraka. Kuchechemea kwake hakukuwa alama ya kukataliwa. Naye Paulo, alipowaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, mlango wa 12, alilifananisha kanisa na mwili ambao viungo vyake havina budi kutunzana. Wataalamu wamechunguza miaka arobaini wakaona kwamba nyonga haiwezi kutibiwa kana kwamba mgongo haupo. Usharika nao haupaswi kuendelea na ibadani kana kwamba walio nyumbani hawapo.

Kwa hiyo natoa mashauri haya. Kila usharika uwe na viti vichache virefu kidogo, vyenye mahali pa kuegemea. Asiyeweza kupiga magoti mezani pa Bwana asimame au aketi, wala asione haya. Asiyeweza kufika apelekewe Chakula cha Bwana nyumbani. Vijana wagawane mashamba ya wakongwe wakati wa ntumba, na maji yao ya kila siku. Na mgonjwa aendaye hospitali apate mtu wa kumsindikiza, mwenye ile karatasi mkononi. Tuwaombee kwa imani, na kwa imani ile ile tuwapeleke kwa tabibu.

Mungu awape nguvu katika kazi hii.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini nyonga ikiwa ngumu mgongo huumia, na mgongo ukiwa mgumu nyonga huumia?
2. Mafungu manne ya wagonjwa yaliyoandikwa mwaka 1983 ni yapi?
3. Taja ishara tatu za nyonga na tatu za mgongo. Maumivu ya goti yaweza kutoka wapi?
4. Ni ishara gani zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile?
5. Katika usharika wako ni akina nani ambao hawaji tena ibadani kwa sababu ya kiuno? Nani atakwenda kwao juma hili na karatasi?